Makofi kwa Wageni

Kariakoo, Jumapili jioni

Dada Mwanaisha, shikamoo. Nina hasira hata mishikaki imenishinda. Leo Wamisri wamecheza na timu ya hapa. Golini alikuwa Idi, mdogo wake rafiki yangu Hamisi, tumbo moja. Idi alipofungwa, Hamisi aliruka kwa furaha.

“Mbona unashangilia wageni?” nikamwuliza.

“We Mkenya hujui. Ile ni timu ya watani wetu wa mtaa wa pili.”

“Na ndugu yako?”

“Nani alimtuma akachezee kule?”

Mechi ilipokwisha nilikwenda kumpa pole Idi. Akacheka. “Ngoja timu ya kaka icheze na wageni. Nitapiga makofi mpaka viganja viwake moto.”

Sitawazoea watu hawa. Wewe dada, hata ukikosea, mimi nitakaa upande wako. Nisalimie mama.

Mdogo wako,
Athumani