Lebo Mbili, Kisanduku Kimoja

2 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama anakusalimu, na anasema kukataa simu si msimamo, ni kiburi. Sisi wazima.

Nimepata kazi hospitalini. Natengeneza programu ya wodi ya watoto: muuguzi anaandika uzito, programu inamwambia kiasi cha dawa. Ila hapa wanatumia lugha mpya ya kompyuta, siyo ile uliyonifundisha karakanani kwako, na nimepewa wiki mbili niijue. Kila mstari nauandika kwanza kichwani kwa ile lugha yetu ya karakanani, kisha naugeuza. Mpaka sasa inakubali. Kuna kitabu chake kinene, kurasa mia sita. Nikisome?

Mpwa wako

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo umegoma, mdomo bado uko kazini. Mwambie mama yako simu humfanya mtu ajibu kabla hajafikiri, na ushahidi ni yeye.

Kitabu cha nini? Hawa jamaa huzaa lugha kila mwaka, kisha wanatuuzia vitabu vya kuzieleza. Ni matusi kwa watu wenye akili. Sharti ni sharti, kisanduku cha kuwekea namba ni kisanduku. Aliyeijua ya kwanza kwa jasho amezijua zote; zilizobaki zimebadilisha nguo tu. Nilikufundisha mimi, tena sikukufundisha ovyo. Hicho kitabu kiweke chini ya mguu wa meza unaoyumba, wewe uandike.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijui niseme niko vipi.

Wiki tatu zilizopita mtoto wa kilo tisa alifariki wodini. Alipewa dawa ya mtoto wa kilo thelathini na moja. Zamu ile ilikuwa na watoto kumi na wanane na muuguzi mmoja. Muuguzi amesimamishwa, wanasema aliandika uzito vibaya.

Hakuandika vibaya. Leo nimeuona mstari wangu. Mtoto wa pili alipolazwa, programu ilichukua faili ya wa kwanza ili muuguzi asijaze yote upya. Katika lugha yetu, ukihamishia kitu kwenye kisanduku kingine unapata viwili, kila kimoja na chake. Katika hii unapata kisanduku kilekile, kimebandikwa lebo mbili. Alipoandika thelathini na moja kwa huyu wa pili, tisa ya yule wa kwanza ikafutika. Imeelezwa kitabuni, ukurasa wa arobaini.

Mkuu wa kitengo ameniambia nirekebishe na ninyamaze. Nifanye nini?

Mpwa wako

24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Rekebisha, unyamaze. Una mama anayekutegemea. Mtoto harudi. Muuguzi atapata kazi kwingine, wauguzi wanatafutwa kila mahali. Barua hii ichome.

Mjomba wako

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika asubuhi. Tangu nijue kusoma sijapata barua yako isiyo na ugomvi na mtu, ila hii. Ndipo nilipojua kwamba na wewe unajiona kwenye mstari ule.

Nimeuchapisha. Nakala moja nimeiacha kwa kamati ya uchunguzi, nyingine nimempelekea muuguzi nyumbani. Sikumtaja aliyeniambia nisisome. Mimi ni mtu mzima, kitabu kilikuwa mezani kwangu.

Nilimweleza muuguzi mambo ya lebo pale pale mlangoni. Alinisikiliza akiwa ameshika komeo. Akasema alishaanza kuamini kwamba ni kidole chake, kwamba alikwenda kwa mama wa yule mtoto akapiga magoti, akaomba msamaha, na mama akamtemea mate.

Kisha akaniuliza, "Dada, umejua tangu lini?"

Nikamwambia siku kumi na tisa. Nilikuwa nasubiri barua yako.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mpwa wako