Moshi wa Kufukuza Kijicho

Baba Zebo,

Pilau imo sufuriani. Lakini kabla hujavua koti, fungua madirisha yote. Mapazia yaloweke. Zulia la ukutani literemshe ukalipige uani, pale pale unapopigia soga.

Mimi na Zebo tumekwenda zahanati. Asubuhi, ulipokuwa unatoka, alikohoa kidogo tu, mama yako akasema ni kijicho cha Mavluda wa ghorofa ya chini. Akawasha majani yake ya isiriki kwenye kikaango, akamzungushia mtoto moshi kama anayefukuza nyuki mzingani. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama yako akafurahi: “Unasikia? Kinatoka hicho!”

Kilichokuwa kinatoka ni pumzi ya mwanao.

Na wewe, shujaa wangu? Ulisimama mlangoni unatafuta viatu. Vyote viwili ulikuwa umevivaa.

Ulipoondoka nikampulizia dawa yake ya pumu, akapata nafuu, ila midomo bado imempauka. Mavluda, huyo mwenye kijicho, anatungoja chini na gari lake.

~~Mama yako nitazungumza naye mimi.~~ Hapana. Zungumza naye wewe, leo, kwa mdomo wako. Nyumba ikinuka moshi tukirudi, mtoto hapandi ngazi. Tunahamia kwa mama yangu.

Usimkaripie. Anampenda Zebo kuliko macho yake, hilo silikatai. Mwambie tu ampende bila moshi.

Mama Zebo