Walikataa Kuifungua Bahasha Yetu

Lurambi, Kakamega
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Wakesho,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko mvua ya huku, ambayo hushuka kila alasiri kama iliyoandikwa kazi. Mimi ni mzima. Miguu inavimba kidogo jioni, lakini ni ya kusimama, si ugonjwa, usianze kuhangaika. Wewe je? Kile kikohozi kiliisha? Unakula kitu kabla ya kwenda chuoni, au bado ni chai kavu na mbio? Na nyanya yako, magoti yanamruhusu kushuka shambani? Mwambie asiende kule bondeni peke yake. Najua atakataa, lakini mwambie.

Nimekaa kuandika kwa mkono wangu kwa sababu mambo haya nikiyasema kwa simu nitapiga kelele, na majirani watadhani nimefiwa. Darasa langu la sita unalijua, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iinue mwenyewe uendelee. Nakuandikia wewe na si mjomba wako, kwa kuwa wewe ndiye unayesomea ununuzi wa serikali, na mimi nina hasira na watu wa ununuzi. Si na wewe. Ila nisikilize.

Kikundi chetu cha ushonaji unakijua. Tangu marehemu baba yako aliponileta huku, wakati kiwanda cha sukari kilikuwa bado kinaajiri watu, na tangu tulipomzika nikabaki, akina mama hawa ndio ndugu zangu. Tuko kumi na mmoja. Mwenyekiti ni Mama Muhonja, yule mzee wa kanisa ambaye akisema "amina" hata kuku wa jirani wanaamka. Basi hospitali moja ya serikali ilitangaza zabuni ya kushona mashuka ya wagonjwa, zabuni iliyotengewa vikundi vya akina mama. Tulijaza makaratasi wiki tatu. Kurasa zote tuliandika nambari, zote tulitia sahihi, cheti cha kodi tukakitafuta mpaka tukakipata. Bei tuliipiga hesabu mara nne.

Ilibaki bahasha. Masharti yalisema juu yake iandikwe nambari ya zabuni peke yake, pasiwe na jina la anayeleta. Hilo tulilisoma. Sitakudanganya kwamba hatukuliona. Lakini Mama Muhonja alishtuka kabisa.

"Bila jina? Mama Wakesho, hiyo ni tabia ya mwizi. Mtu akiingianga boma la wenyewe kimya, bila salamu, bila kusema mulembe, mbwa si watamshika? Andika jina letu. Wajue ni watu wamekuja."

Nami nilimkubali, kwa sababu hata kwetu huko Taita uliko hatuingii kwa mtu bila kusema sisi ni nani. Nilichukua ile kalamu nene ya kuandikia magunia, nikaandika nambari ya zabuni, na chini yake jina la kikundi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Nafasi ilibaki, nikaongeza "Bwana Asifiwe."

Siku ya kufungua tulikwenda watano, tumevaa sare. Haya unayajua kuliko mimi: watu wote wanaketi, bahasha zinafunguliwa mbele yao, kila jina na kila bei inasomwa kwa sauti ili pasiwe na siri. Zilisomwa sita. Ya saba ilikuwa yetu. Afisa wa ununuzi, mtu wa makamo, nadhifu, viatu vinang'aa, aliinyanyua, akaitazama, akacheka kwa pua.

"Hii imejianika," alisema. Akaiweka juu ya dirisha, akachukua ya nane.

Tulingoja airudie. Hakuirudia. Mwishoni Mama Muhonja alimfuata akamwuliza, "Mwanangu, na yetu?" Akasema, "Mtajulishwa, mama." Tulikaa mwezi mzima tukingoja kujulishwa. Hakuna barua, hakuna simu. Wiki tatu za akina mama kumi na mmoja zimelala dirishani kama sahani chafu.

Sasa sikia mambo ya Mungu. Unajua mimi hupika katika ule ukumbi wa mikutano wenye vyumba vya wageni hapa Lurambi. Mwezi uliopita tukaambiwa kuna mafunzo ya siku tano, ya maafisa wa ununuzi kutoka ofisi mbalimbali, tupike vizuri. Wanafundishwa sheria upya kabla mambo yote hayajaingia kwenye kompyuta. Mwalimu ni mama mmoja kutoka Nairobi, mfupi, mpole wa kusema lakini macho makali. Siku ya kwanza tukawapikia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku wa huku, na nilipokuwa nagawa mchuzi nikamwona nani? Yule yule wa viatu. Akaniambia, "Mama, ongeza supu." Hakunitambua. Nikaongeza.

Siku ya tatu niliingia na birika la chai ya saa nne. Mwalimu alikuwa amewaambia kila mmoja asimulie kisa kimoja kigumu cha kazini. Yule bwana akasimama, akaweka mikono mfukoni.

"Mimi yangu ni ya kuchekesha," akasema. "Kuna akina mama walituletea zabuni, juu ya bahasha wameandika jina lao kubwa kama bango la duka. Na chini wakatuandikia Bwana Asifiwe!"

Ukumbi mzima ukacheka, Wakesho. Watu wazima wenye digrii. Mmoja akaitikia "Milele na milele!" wakacheka tena. Mimi nimesimama pale na birika, mkono unaungua na siusikii.

Mwalimu hakucheka. Aliwangoja wanyamaze, kisha akamwuliza, "Ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa, ndiyo."

"Ilifika kwa wakati?"

"Ilifika siku moja kabla."

"Bei yao ilikuwa nzuri au mbaya?"

"Sijui, madam. Sikuifungua."

"Mliwaandikia kuwaeleza sababu?"

Akakohoa. Mwalimu akamwambia polepole, kama anayemvua mtoto mwiba, "Kwa hiyo ulikataa kitu usichokijua, na mwenye bahasha hukumwambia. Jina la nje halibadilishi bei ya ndani. Kosa dogo lisiloharibu kiini cha zabuni huandikwa kwenye kumbukumbu, na kazi inaendelea. Hii ndiyo sababu mko hapa."

Ningenyamaza. Nakuapia, ningeweka birika nirudi jikoni. Lakini yule bwana akasema, "Madam, watu wa aina ile hata wangepata kazi wasingeiweza."

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Ni mimi niliyeandika."

Yeye akaniambia, "Mama, weka chai uende."

"Nitaweka," nikamwambia. "Lakini tangu juzi unakula chakula changu, mandazi matatu leo asubuhi, na hujauliza kama nakiweza. Shuka unalolalia mle chumbani mwako lina pindo, ni Mama Muhonja aliyelipinda, na halijafumuka. Ulituona siku ile tumekaa mbele yako watu watano. Ungesema tu, 'Mama zangu, mmekosea,' tungejua. Wewe ulituweka dirishani."

Wengine walitazama vitabu vyao. Mwalimu akasema, "Mwacheni aseme." Lakini nilikuwa nimemaliza, nikachukua birika nikarudi jikoni. Wakati wa chakula mwalimu alinifuata jikoni, akanieleza kwamba aliyekataliwa lazima aandikiwe sababu, na ana wiki mbili za kulalamika tangu aandikiwe. "Nyinyi hamjaandikiwa," akasema, "kwa hiyo siku zenu hata hazijaanza kuhesabiwa. Andikeni. Na mkipeleka, wagonge muhuri kwenye nakala yenu."

Unadhani yalikwisha? Siku ya mwisho yule bwana akaja jikoni mwenyewe, sauti imelainika kama siagi. "Mama, tusiharibiane. Mkataba wa mashuka haujatiwa sahihi bado, lakini mambo yameshaenda mbali. Ofisi yetu ina semina nyingi hapa. Naweza kusema kikundi chenu ndicho kiwe kinapika. Hayo ya bahasha tuyaache."

Nilipowapelekea akina mama habari hiyo, Mama Muhonja alitaka tukubali. Usimhukumu. Ana wajukuu wanne.

"Serikali hushindwangi, Mama Wakesho. Tuchukue jiko. Jiko tunalijua."

"Na mashuka hatuyajui?"

"Tunayajua. Lakini mimi ndiye nilisema tuandike jina. Mkienda huko mtasema ni mwenyekiti mjinga."

Kumbe ndilo lilikuwa likimla, mwanangu. Mzee mzima alikuwa haendi hata kwenye mkutano wa akina mama kanisani kwa aibu ya hilo jina. Nikamwambia, "Uliyesema ni wewe, aliyeandika ni mimi, na aliyeongeza Bwana Asifiwe ni mimi peke yangu. Kama ni ujinga, wangu ni mkubwa." Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akafuta macho na leso, akasema, "Leta hiyo karatasi ya malalamiko." Tukatia sahihi wote kumi na mmoja. Nikaipeleka hospitalini mwenyewe, na sikuondoka pale dirishani kwa karani mpaka muhuri ukagongwa kwenye nakala yetu.

Jumatatu iliyofuata msimamizi wa ukumbi akaniita. Hakunitazama. Alisema wateja wamelalamika kwamba wapishi wanaingilia mikutano, nipumzike kwanza. Nimepumzika tangu siku hiyo. Usitetemeke, nashona sare za shule, chakula kipo.

Na Alhamisi hii iliyopita tukaitwa hospitalini, malalamiko yetu yamekubaliwa. Kamati imekaa, wenye zabuni wamekaa, yule bwana yuko pembeni. Mama mmoja wa kamati akaichukua bahasha yetu, vumbi la dirisha bado liko juu yake, akaikata kwa mkasi, akasoma: jina la kikundi, idadi ya kurasa, bei. Akamaliza.

Hatukushinda, Wakesho. Kuna kikundi cha Mukumu bei yao ilikuwa chini ya yetu kidogo. Mama Muhonja alienda akawapa mkono, akawauliza kitambaa wananunua wapi, na wakamwambia. Barua ya kutueleza tumeshindwa kwa nini tulipewa Ijumaa, ina sahihi. Hiyo sina ubaya nayo. Kushindwa na mtu aliyeshona vizuri kwa bei nafuu si matusi.

Lakini nilikuwa nimeitazama saa ya ukutani. Tangu mkasi ulipoingia mpaka mama yule alipoiweka karatasi chini, ilipita dakika moja. Moja! Kwa dakika hiyo tumengoja miezi, mama mzee amejificha asionekane kanisani, mimi nimenyang'anywa jiko, na mtu amepelekwa mafunzo ya siku tano, akalala, akala, akafundishwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikisema peke yangu njiani kama kichaa.

Ulipopata nafasi ya chuo watu hapa walinipongeza kwa kunikonyeza. "Ununuzi! Sasa mtakula." Nami nilicheka nao, Mungu anisamehe. Sicheki tena. Soma, mwanangu, ada nitaitafuta, hiyo isikuondolee usingizi. Na siku watakapokupa kiti hicho na mkasi, akija mtu amekosea, mwambie amekosea akiwa amekaa mbele yako. Kisha mpe dakika yake.

Nisalimie nyanya yako, mama yangu mzazi, ila habari ya jiko usimpe, mwambie niko likizo. Mjomba wako Mwakio mwambie paa la jikoni kwa nyanya lisingoje mvua za huko. Mama yako mdogo Mghoi mpe hongera ya mtoto, na umwambie nguo za ubatizo nitashona mimi, asinunue. Padri naye msalimie, na yule jirani anayekuletea maziwa.

Funika kifua asubuhi, huko milimani kuna ukungu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Mama Wakesho