Kwa Mzee Nyooka, na Mlango Uliouacha Ukumbini

Kitendawili.

Nakusubiri useme "tega", mzee wangu, maana hujawahi kuchelewa. Basi natega hivyo hivyo: mtoto wangu kazaliwa juzi, lakini sura yake ni ya babu wa babu yake.

Ungekuna kidevu kwa ule mkono wenye masizi ukasema "kinyonga", kwa sababu kila kitendawili nilichowahi kukutegea jibu lako la kwanza lilikuwa kinyonga. Kisha ungeshindwa, nikuombe mji, unipe gereji yako pamoja na panya wake wote. Nimepewa gereji ile mara nyingi mno. Jibu ni vile vitu ulivyokuwa ukiviunda humo: boneti, madigadi, sakafu na milango ya magari ya porini ya zamani, yale ambayo kiwanda kiliacha kuyatengeneza sisi tukiwa bado vijana. Bati la leo, sura ya zamani.

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale ulipotuacha. Watu waliniambia ukitimia mwaka moyo utatulia. Wangu haujapata habari hiyo. Naandika huku nasimama, naenda dirishani, narudi, kalamu naikuta imebingirika chini ya kochi. Wajukuu wako pacha wamechoka kuinama kuniokotea. Nitakwambia sababu, lakini kwanza wanaosoma wakujue.

Ulikuwa mnyoosha bodi. Jina la Nyooka hukupewa na wazazi wako, ulipewa na majirani waliokusikia kupitia ukuta ukilibembeleza bati: "Nyooka, mama. Nyooka basi, mbona jana ulikuwa na adabu?" Bati ulilisemesha kuliko ulivyotusemesha sisi, na sikuona wivu, maana lenyewe lilikuwa linapigwa nyundo.

Siku ulipokuja kwetu kujitambulisha, shangazi yangu aliniuliza kazi yako. Nikamwambia unatengeneza majipu, nikimaanisha hayo magari. Akaguna, akasema vizuri, ukoo ulikuwa haujapata mganga. Haikupita wiki akaja na jipu lake la kweli, mahali ambapo sitapataja kwenye tangazo la gazetini, na wewe kwa heshima zako hukumsahihisha. Ulimwandalia maji ya moto yenye chumvi, ukatoka nje. Likapona. Mpaka anakufa alikuwa anakusifia kwa watu.

Ulikuwa na huruma ya kimya. Walikuletea magari yaliyoliwa na kutu mpaka ukikaa ndani unaiona barabara katikati ya miguu yako, na hukumcheka mtu gari lake. Ulilizunguka polepole, mikono mgongoni, kama umekwenda kumjulia hali mgonjwa, halafu ukauliza, "Nani alikuwa analipenda?" Wapo waliolia pale pale. Na kila kipande ulichokiunda ulikitia alama ya patasi kwa ndani, ili huko mbele mtu asije akadanganywa kwamba ni cha kiwandani. "Cha mkono kijulikane ni cha mkono," ulisema.

Chai yako ilipoa kila siku ya ndoa yetu. Mifukoni mwako mlijaa riveti, vile vipini vya kuungia bati. Nimekwisha kugawa nguo zako, nimekwisha kuanika godoro, na bado zinaanguka. Juzi nimeikanyaga moja nikiwa pekupeku nikakuita kwa hasira, kisha nikakaa chini.

Sasa habari ya mlango.

Daktari wa ng'ombe unamkumbuka, na lile gari lake la kijani analoendea mashambani. Mlango wa kushoto ulikuwa umeoza, zimebaki bawaba na kipande cha juu kama sikio. Uliupima wa kulia kwa kadibodi, ukaigeuza kadibodi, ukaanza kuukata mwingine. Mikono yako ilikwisha kuanza kutetemeka wakati huo. Hatukusema, ila sote tulikuwa tunakijaza kikombe chako nusu. Uliumaliza mlango ule, ukaupiga msasa mpaka ukang'aa, ukamwita Mama Pacha, binti yetu wa kwanza uliyemrithisha nyundo, aje mshike pamoja mkaupachike. Hapo ndipo kifua kilipokubana. Mlango ukaingizwa ndani ukaegemezwa ukuta wa ukumbi, wewe ukapelekwa hospitali.

Mchana wa mwisho nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wodini, nakumenyea chungwa usilolitaka. Ukafumbua macho ukaniuliza, "Umefunga?"

"Nimefunga," nikasema. "Geti na gereji, kufuli zote. Wewe lala."

Ukakunja uso. "Sikuulizi wewe," ukasema, ukafumba macho. Nikafikiri ni homa inaongea. Hukuyafumbua tena.

Tulikuwa tumekwisha kuzika ndipo Mama Pacha aliponiambia uliyomwagiza ukiingizwa kwenye gari la wagonjwa: ujaribuni mlango, mniambie. Nikabaki nimeshika sahani. Kumbe hukuwa unaniuliza mimi kama nimefunga nyumba. Ulikuwa unauliza mlango kama umefunga. Wewe umefunga, mlango umefunga, neno ni lile lile. Mwalimu wetu wa darasa la nne alijitahidi kutufundisha mambo hayo ya ngeli, na mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Ukaenda na jibu la kufuli, na ulilouliza likabaki linaning'inia.

Nikamwambia Mama Pacha, basi tuujaribu leo hii. Akasema kesho. Na kesho haikuja, kwa sababu msibani pale pale mdogo wako, Shemeji yangu mwenye mdomo usio na breki, alikwisha kusema mbele za watu: "Kaka mikono ilikuwa imemtoka. Ule mlango hauwezi kuingia. Kageuza kipimo cha kulia, wakati lile gari liligongwa zamani, pande zake hazilingani." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Lakini maneno yakamwingia binti yako mfupani.

Tangu siku hiyo mlango umekaa ukumbini, umeegemea ukuta kati ya chumba chetu na jikoni. Lori likipita barabarani unavuma. Mtu akipiga chafya unavuma. Vidole vyangu vya miguu vinaujua kila pembe. Mama Pacha ameunda madigadi yote mawili ya lile gari, ameunda sakafu, na kazi yake ni safi, ungeipapasa ukakosa la kusema. Daktari akija anasifu, halafu anauliza, "Na mlango?" Binti yako anajibu, "Unakuja." Mwaka mzima daktari ametembea na turubai upande wa kushoto, kalifunga kwa kamba ya kufungia ndama.

Nilimuuliza binti yako siku moja tukichambua mchele. "Unaogopa nini?"

"Siogopi, Mama."

"Mbona mchele unautupa, mawe unayaacha?"

Akaweka ungo chini, akasema, "Usipoingia itabidi niukate. Niukate mlango wa mwisho wa Baba, Mama? Na kila mtu ajue Ba'mdogo alisema kweli, kwamba mikono ya Baba ilikuwa imekwisha na sisi tunamchekea tu? Bora ukae hapo. Ukikaa hapo haujakosea."

Nikabaki naokota mawe, mzee wangu. Mimi mwenye vitendawili.

Juma lililopita daktari alikuja amevua kofia. Amechoka, na mvua zimemchosha zaidi. Ameagiza mlango kutoka ng'ambo, wa kiwanda kinachonakili vitu hivi kwa mashine. Unafika siku yoyote. "Wa mzee ukiingia kabla haujafika, huo wa kuagiza nitampa mwenzangu," akasema. "Usipoingia, nisameheni." Ana haki. Mlango wa mashine si mbaya, hata wewe ulikuwa ukiwasifia hao wa kiwandani kwa raba zao za kuzuia maji.

Kwa hiyo leo, siku yako, nimeamka na uamuzi. Nimemwambia Mama Pacha: gazeti linasubiri kumbukumbu ya baba yako, na mimi siandiki "pumzika" kwa mtu aliyeondoka na swali. Ukitaka kuukata utaukata, nami nitashika upande wa pili. Usipotaka kuukata, nipe msumeno.

"Mama, wewe mkate tu unaukata upande."

"Ndiyo maana nakuambia anza wewe."

Amecheka, kwa mara ya kwanza katika jambo hili. Amefunga kitambaa kichwani akaubeba mlango kutoka ukumbini mpaka uani, daktari alikotuachia gari. Ukuta umebaki na alama yake, mstatili msafi katikati ya rangi iliyofifia, na mimi nimeutazama kidogo kisha nikaja kukaa hapa na karatasi. Nimeshindwa kukaa uani. Nasikiliza kupitia dirisha na kukuandikia.

Shemeji amefika bila kuitwa. Nimefikiri kaja kushuhudia mlango ukigoma.

Mara ya kwanza mlango umegoma. Nimeusikia ukikwaruza chini, sauti ya kisu kwenye sahani, na pacha wawili wakanyamaza kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama Pacha kasema taratibu, "Umekataa." Kisha nikasikia akiomba tupa, ile kubwa ya kupunguzia bati.

"Rudisha tupa," Shemeji akasema.

"Ba'mdogo, wewe si ndiye ulisema hauingii?"

"Nilisema. Nimesema mengi. Rudisha tupa kwanza. Umekaza bawaba zote mbili?"

"Nimekaza."

"Ndipo kosa lilipo. Kaka alikuwa anaanza na ya juu, tena hakazi, anaitia kwa vidole tu. Ya chini anaiweka mwisho kabisa. Anauacha mlango ukae kama mgeni, uzoee, ndipo anakaza. Nilikuwa nagombana naye, naona anapoteza muda. Sogea nishike."

Nimesimama, nimekaa. Nimekwenda dirishani nikawaona: Shemeji kaukumbatia mlango, shavu kwenye bati, macho kafumba kama anayecheza na mtoto, na binti yako kapiga magoti anatafuta tundu la bawaba ya chini kwa kidole. Nikarudi. Siwezi kuangalia. Kitinda mimba wetu kapiga simu kutoka kazini kwake, mbali, anauliza, "Vipi huko?" Nimemwambia usikate, nyamaza na wewe usikilize, nikaiweka simu dirishani.

Naandika majina, mikono ipate kazi. Wanaokukumbuka ni mimi mke wako. Binti yako Mama Pacha, aliyeshika nyundo yako na kuitunza. Kitinda mimba wako, aliye dirishani ndani ya simu. Mdogo wako, ambaye leo namsamehe nusu, nusu nyingine inasubiri. Wajukuu zako pacha, Doto anayefanana nawe masikio na Kulwa anayefanana nawe ukaidi. Wakwe, majirani wa upande wa ukuta, na daktari wa ng'ombe na turubai lake. Siku haianzi nyumbani humu bila wewe kuwa umekwisha kuamka kabla yetu, na haitaanza vingine.

Hapa ndipo watu humalizia. Mimi nangoja.

Nasikia spana. Shemeji anasema, "Polepole, polepole, usiusukume." Mama Pacha anamtuma Kulwa akate kipande cha gazeti, waupime ukingo kama ulivyowafundisha: karatasi inabanwa kati ya mlango na fremu, inavutwa, ikitoka kwa urahisi kuna uwazi, ikichanika unabana mno. Wanaipitisha juu. Wanaipitisha upande wa bawaba. Wako chini sasa. Hata simu haipumui.

Nasikia miguu. Ni Mama Pacha, anakuja dirishani, kitambaa kimemshuka shingoni, anakatisha maneno kama aliyetoka mbio na hajakimbia popote.

"Mama, umefunga."

"Nani?" nikamuuliza, kwa sababu safari hii sikutaka kukosea.

"Mlango. Mwandikie Baba, mlango umefunga."