Mtu wa Kutazama Mshale

Mjukuu wangu Aline,

Amahoro, salamu za amani, kutoka Magarama. Mbuzi amezaa. Nyumba bado ni kimya tangu bibi yako alipofariki.

Unasema umefunga sensa mpya, kile kifaa cha kupima hali ya injini, taa ya injini imewaka tena, na mwenye gari anatishia kulipeleka kwa fundi mwingine. Usinunue sensa nyingine kwanza.

Niliporudi kutoka Tanzania nililetewa pikapu iliyozimika kila ilipopita kwenye mashimo. Nilibadilisha sensa mbili bila mafanikio. Bibi yako, wakati huo bado mchumba, aliniletea chakula akanikuta nimekaa chini, nimeshindwa. Nilimpa mita ya kupimia umeme atazame mshale wake huku nikitikisa waya wa sensa, kipande baada ya kipande.

"Mshale umeanguka!" akasema.

"Mkono wangu ulikuwa wapi?"

"Mimi nitajuaje? Rudi ulipokuwa, fundi mzima wewe!"

Nikarudi. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, ingawa kwa nje ulionekana mzima. Sensa zote mbili hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo anza na waya. Lakini mkono huwa kwenye injini na macho kwenye mita, na mtu mmoja hawezi yote mawili. Siku hizi ninajaribu peke yangu, na kila mara ninachelewa kuuona mshale. Unasema huko Muyinga hujazoeana na mtu. Mwombe jirani dakika kumi tu.

Ukimkosa, nipigie simu. Basi la Muyinga linaondoka asubuhi, na mshale bado ninauona.

Babu yako