Mwaka Mmoja Bila Mama Breki

Mama, mwaka umetimia tangu moyo wako ulipochoka ukatuaga hospitalini, baada ya kumng'ang'aniza muuguzi akaze gurudumu la kitanda lililokuwa likilegalega. Baba bado analala upande wake tu, kana kwamba utaingia umwambie asogee.

Ulikuwa afisa usalama wa klabu ya urushaji ndege, ya watu wanaorusha ndege ndogo kwa raha zao siku za mapumziko. Kabla rubani hajapanda, ulikuwa umeshaizunguka ndege yake, umegusa kila skrubu, umechota petroli kwenye glasi ukaitazama kwenye mwanga kama ina maji. Wenye haraka wakakubatiza Mama Breki. Nawe ukalipenda jina, ukawa unapokelea simu: "Mama Breki hapa, nani anataka kufa leo?"

Nyumbani ulikuwa yule yule. Ulitukagua kamba za viatu mlangoni. Ukiwa unaanika nguo, ukisikia injini angani, ulimtaja anayerusha bila kuinua uso, kisha ukatulia na shati mkononi mpaka usikie ametua. Ndipo ulipolibana kwenye kamba.

Hukuwahi kumripoti mtu kabla ya kumsomea taarifa yake ana kwa ana. "Mimi sisengenyi," ulisema. "Naripoti."

Ndivyo ulivyomwita mdogo wako, mjomba wetu, jikoni kwetu. Alikuwa ameishusha ndege yake chini mno juu ya uwanja wa shule wakati wa mashindano ya mbio, watoto wakalala kifudifudi, mwalimu wao akaanguka na kuchunika goti. Ulikuwa umeshamwonya kwa mchezo huo huo, na si mara moja. Ulimmiminia chai, ukamsomea kuanzia juu hadi chini.

Alicheka. "Dada, acha utani. Walikuwa wananipungia."

"Walikuwa wanajikinga vichwa."

"Mimi si damu yako?"

"Na wale ni maji?"

Akakisukuma kikombe. "Unaniua, dada. Kuruka ndiyo raha yangu pekee."

"Nataka uzeeke," ulimwambia. "Nichukie, lakini nichukie ukiwa na mvi."

Asubuhi yake uliipeleka taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Leseni yake ikafutwa. Bibi, mama yenu, akaacha kukuita mwanangu. Ukienda kwake ulijibiwa salamu, basi. Mdogo wako, uliyembeba mgongoni utotoni, akawa anavuka barabara akikuona. Ulikuwa unalia bafuni huku umefungulia maji, ukidhani hatusikii. Taarifa hukuiondoa. Wala hukuacha kumpigia simu kila siku yake ya kuzaliwa, ingawa hakupokea hata mara moja.

Alikuja kukuzika, Mama. Alishika jeneza upande wa kichwa, na hakukubali kupokewa njia nzima.

Wiki hii amempigia Baba. "Shemeji, niandikeni kwenye kumbukumbu ya gazetini. Ila mseme dada alinikosea, na familia inaniomba radhi. Nisafisheni."

Baba alimjibu. "Utaandikwa, shemeji. Wewe ulikuwa kipenzi chake. Hilo lingine hapana."

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa ndiye anayekagua mtungi wa gesi kila jioni, wanao, mabinti wawili na kitinda mimba wako, wajukuu, wanaokuulizia, mama yako mzazi, ambaye ameanza tena kukutaja kwa jina lako la utotoni, mdogo wako, na marubani wa klabu, wanaobishana nani ulimgombeza zaidi. Hakuna siku itakayopita tusikuwaze.

Nawe Mjomba, tunajua unasoma. Upo hai, na tunakupenda. Njoo nyumbani wakati wowote. Radhi hatukuombi.