Kiti cha Pembeni mwa Mfaransa

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Maskati hatujambo, na bibi yako macho yamepata nafuu. Waniuliza mtu atajuaje kuwa wakati wa kuacha kazi anayosifiwa umefika.

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja nlikuwa fundi wa magari hapa Maskati. Mkubwa wangu alikuwa Mfaransa mzee, alokuwa bingwa wa mashindano ya magari Ulaya kabla ya vita vya Hitila. Kiti cha pembeni yake hakumkalisha mtu. Mie nikikaa nyuma.

"Zamani kwenye mashindano fundi akipanda na dereva," alinambia. "Wangu akinigonga goti nipunguze mwendo. Siku moja sikumsikiliza, akafa. Nikaendelea kushinda mashindano miaka mingine mingi, peke yangu garini. Kisha, nikiwa mbele ya wote, nikagongwa goti. Nikasimamisha gari, nikashuka, sikurudi tena. Watu walinicheka."

Nlidhani ni uzee tu. Asubuhi moja twaelekea Rusayl, nje ya mji, jua kali, mbingu haina wingu, akafunga breki ghafla ukingoni mwa wadi, mto mkavu unaokatiza njia.

"Kuna nini, bwana?"

"Kanigonga."

Tukangoja. Mara mngurumo ukatoka milimani, na maji yakashuka yakibeba mawe na miti mizima, pale pale ambapo tungekuwa tunapita.

Nikainama kutazama kile kiti. Hakikuwa na mtu, lakini ngozi yake ilikuwa imebonyea, na polepole ikaanza kuinuka, kama kwamba mtu ndo kwanza kanyanyuka.

Mie mpaka leo sijui alikuwa nani. Lakini wewe, mwanangu, nadhani kama hujasikia kugongwa, usingeniandikia.

Babu yako